Sikio la Mheshimiwa Makeke

Mimi ndiye mwanamke niliyemwangusha waziri mzima kwa sinia. Nayasema haya shingo nimeinyoosha. Ila kwa kuwa nyinyi ni watu wa kuulizauliza, heri niseme mapema: sikumwangusha. Alianguka mwenyewe, mimi nilikuwa nimesimama karibu tu, na sinia lenyewe nililiazima.

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ile ya darasa la nne, nikapitisha kidole mpaka baharini, sikuiona. Kwa hiyo ukijikuta humu unamtambua mtu, kaoshe macho. Huyo wako ni mwingine, wamefanana tu kitambi.

Basi nchi hiyo ilinunua mtambo. Kabla ya hapo serikali ilikuwa ikitumia watu kutekeleza mambo yake, na watu mnawajua: hula mchana, hufiwa, huuliza kwa nini. Mtambo hauulizi. Ukaitwa Mtiifu, ukawekwa nyuma ya jukwaa la Uwanja wa Shangwe, mkubwa kama ghala la mahindi, una jicho moja la kioo na kipaza sauti kimoja. Lolote lililosemwa pale jukwaani, wenyewe ulijibu, "Naam," ukalitenda. Sema "washa taa", mji mzima unawaka. Sema "fungulia maji", mabomba yanatapika mpaka vichochoroni. Matingatinga ya serikali, milango ya magereza, ving'ora, mizinga ya kupokelea wageni, vyote vilisikiliza Naam hiyo.

Ulikuwa na kilema kimoja. Haukujua neno la kuamrisha ni lipi na neno la kusimulia ni lipi. Ukisimama pale ukasema, "Jana mume wangu kaniambia zima taa," basi, "Naam," mji mzima giza, na mume wako yuko zake barazani anacheza bao.

*

Dawa ya kilema hicho aliileta Mashavu, mjukuu wa Bi Mize.

Bi Mize ni muuza mihogo, jirani yangu wa meza pale sokoni, mimi nikiuza vitumbua. Huyo mjukuu tulimlea wote wawili: yeye alimlisha, mimi nilimharibu. Akasoma akaenda mbali, akarudi na elimu ya mitambo, akaajiriwa kumtunza Mtiifu. Na siku ya kwanza tu akaona kwamba elimu yote aliyoibeba kwenye sanduku haimzidi bibi yake aliyeshika sikio.

Kwetu (nikisema kwetu nina maana kwao, kule kusikokuwepo) mtu akibeba maneno ya mwenzake hushika sikio. Ndiyo desturi. Unakamata ndewe la sikio lako mwenyewe, unasema ya watu, ukimaliza unaachia. Aliyeshika sikio hapigwi wala hatukanwi. Yeye ni kapu tu, limebeba. Lakini ole wako uachie kabla hujamaliza! Yaliyobaki ni yako, na kofi lake ni lako.

Siku moja Bi Mize alinijia kashika sikio. "Mwatumu wa dagaa anasema vitumbua vyako vina mchanga," akaanza. Hapo inzi akamtua puani, naye akaachia sikio amfukuze. "Na mafuta yako ni ya juzi."

Ya mchanga nilimwachia Mwatumu. Ya mafuta nilimnunia Mize mpaka Idi.

"Lakini si mimi niliyesema, shoga!"

"Sikio, Mize. Sikio lilikuwa wapi?"

"Inzi!"

"Basi kaolewe na inzi."

Hiyo ndiyo sheria Mashavu aliyomfundisha Mtiifu. Akauambia: mtu akisimama jukwaani kashika sikio kwa mkono wake mwenyewe, hayo ni maneno ya watu, yasikie, usiyatende. Akiachia, tenda. Alinieleza kwamba hata wale wanaoamrisha mitambo yao kwa kuandika wana desturi hii hii. Neno la mgeni hulifungia katikati ya alama mbili, moja mlango wa mbele na moja mlango wa uani, ili mtambo ujue kwamba hili ni la kubebwa, si la kutendwa. Nikamwambia, kumbe wazungu nao wana masikio. Akacheka mpaka akakohoa.

*

Sasa tuje kwa mwenye hadithi yake. Waziri wa Amri na Utekelezaji, Mheshimiwa Daktari Kitwana Makeke. Udaktari alipewa na chuo ambacho alikizindua.

Mheshimiwa Makeke alikuwa msomaji hodari. Chochote kilichowekwa mbele yake alikisoma, chote, hakubakiza. Katibu wake akimwandikia, "Ndugu wananchi, tumeshinda, subiri makofi," basi sauti nzito inatoka kwenye vipaza: "Ndugu wananchi, tumeshinda, subiri makofi!" Nasi tunasubiri. Msibani kwa mama yake mzazi alisoma wasifu wa marehemu mpaka mwisho, mpaka jina la mpiga chapa. Mtiifu ulichukua maneno kuwa amri, na Makeke alichukua amri kuwa maneno. Mtu na mtambo wake walikuwa wameumbiwa kukutana.

Na ilikuwa marufuku mwananchi kupanda jukwaani, asije akasema lake likatendeka. Mwenye shida alimwambia karani, karani akaandika, na waziri akasoma kwa niaba yake kwenye Siku ya Kusikiliza. Yaani malalamiko yote ya nchi yalipita kwenye mdomo mmoja.

Mashavu akamwendea kwa adabu. "Mheshimiwa, unapoyasoma ya watu, tafadhali shika sikio."

"Mimi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mwanzo mpaka mwisho."

Makeke akavimba. "Binti, mara ya mwisho mimi kushika sikio nilikuwa darasa la tatu, na nilikuwa naruka kichura kuuzunguka mlingoti wa bendera, wenzangu wananizomea. Siku ile nikaapa. Waziri hashiki sikio. Masikio ya waziri yamewekwa kwa ajili ya miwani."

Mashavu akamwandikia mara ya pili, kwa herufi kubwa. Akaisoma yote kwa sauti ofisini kwake, na saini ya Mashavu akaisoma, akaweka pembeni.

*

Wakati huo mgambo walikuwa wanatuandama sokoni. Leo wanapindua beseni la huyu, kesho wanamwaga dagaa wa yule. Tukachoka. Tukaenda kwa karani, na Bi Mize, ambaye hasira yake haijawahi kupiga hodi, akapiga meza ya watu: "Kama hamtutaki, bomoeni soko tujue moja!"

Karani akaandika vilevile.

Siku ya Kusikiliza ikafika. Pale uwanjani walikuwapo makarani wa wizara tu, wamepangwa mistari kama vikombe. Mheshimiwa akafika kwenye shida yetu, akaona hapa pana mchezo. Akajishika kiuno, mikono yote miwili, akatia sauti ya kikongwe: "Kama hamtutaki, bomoeni soko tujue moja!"

"Naam," ukasema Mtiifu.

Mtambo haujui "kama", wapenzi. Haujui mtu anamwiga nani. Uliona mtu kwenye jukwaa, mikono kiunoni, sikio liko wazi, anasema bomoeni soko.

Mimi nilikuwa nageuza vitumbua vya mwisho. Tingatinga lilikuja halina hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu akikubomolea kwa hasira, unamtukana, moyo unapoa. Hili lilikuja kama mtu aliyetumwa chumvi dukani. Likapita juu ya meza yangu, likapita juu ya mihogo ya Mize, likaangusha ukuta wa upande wa dagaa, na Mwatumu aliyekuwa nyuma yake akavunjika mguu. Mpaka leo anatembea kama anayepima kitambaa. Lilipomaliza likaondoka polepole, limewasha taa ya kukatia kona. Lilikuwa na adabu kuliko aliyelituma.

Jioni Makeke akaongea redioni. "Mimi nilishika sikio! Mashahidi wapo!" Mashahidi wakaulizwa, wale makarani wake. Wote walikumbuka sikio. Mmoja, aliyekuwa anangoja kupandishwa cheo, alikumbuka mawili. "Kwa hiyo," akasema Mheshimiwa, "mtambo umeharibiwa, na aliyeuharibu ni Mashavu."

Wakamchukua siku hiyo hiyo. Hakimu akasema hatia ipo, ushahidi utaletwa ukipatikana.

*

Sasa Makeke alikuwa na tatizo. Alijua mwenyewe kwamba mtambo ni mzima, na kwamba malalamiko bado anatakiwa kuyasoma. Akatafuta njia ya kusoma bila kushika sikio na bila kubomoa nchi.

Kwanza alipiga marufuku maneno. Bomoa, funga, fungua, zima, washa, futa: mwananchi yeyote asiyatamke, asije karani akayaandika. Ramadhani ikaingia tukawa hatuwezi kusema tumefunga, tukasema tumeacha kula kwa muda. Maharusi hawakufunga ndoa, waliikaza. Timu ya taifa ikashinda na hakuna aliyefunga bao. Na juu ya hayo yote, mzee mmoja wa mabondeni akalalamika, "Tumwagieni maji basi tufe tupumzike," kwa kuwa neno mwaga halikukumbukwa; Mheshimiwa akasoma, na Wizara ya Fedha, iliyopakana na uwanja, ikaelea.

Kisha akaajiri mtu. Cheo chake kilikuwa Mshika Sikio Mkuu wa Serikali, na alipewa gari na glavu nyeupe. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya waziri na kumshikia sikio. Siku ya kwanza Makeke alisoma, kashikiwa, malalamiko ya shule moja isiyo na kengele: "Pigeni basi hata mzinga, watoto wajue saa." Mtiifu ulimtazama. Mtu aliyeshikwa sikio na mwenzake habebi maneno, anaadhibiwa. "Naam." Mzinga ukapigwa, Mshika Sikio akaruka kwa mshtuko, na sikio la waziri likaruka naye. Wiki ile alivaa bendeji, na yule bwana wa glavu akateuliwa balozi.

Ikabidi basi. Mheshimiwa Makeke, aliyeapa mlingotini, akaanza kushika sikio kwa mkono wake. Alilishika kwa vidole viwili, kidole kidogo kikiwa juu, kama anayeshika kikombe cha chai kwa mabalozi. Na redio ikatangaza kwamba ndivyo alivyokuwa akilishika siku zote.

*

Tulikwenda kumwona Mashavu gerezani, mimi na Bi Mize, na uji kwenye chupa ya chai.

"Umekonda," Bi Mize akamwambia.

"Siumwi, Bibi. Kinachonikondesha ni ile redio. Eti nimeharibu Mtiifu. Ningeuharibu, si usingemtii yeye?"

Alitupa habari mbaya. Makeke ametangaza Siku ya Shukrani: wanawake wa soko tutamshukuru kwa kusafisha eneo, mbele ya Mtukufu Rais. Na sherehe ikiisha, Mashavu anapelekwa Machimbo ya Chumvi. Nyote mnajua machimbo yale, hata kama hayapo. Watu huenda, zinarudi nguo.

Bi Mize alinyamaza. Mimi namjua Mize akipiga kelele; Mize akinyamaza nilikuwa sijawahi kumwona. Mikono yake ilikuwa inamenya kitu, na hapakuwa na muhogo.

"Mjukuu wangu," nikauliza, mimi ambaye sijui kitu, "hivi sasa huyu bwana anashika sikio. Basi amekuwa salama?"

"Akishika mwanzo mpaka mwisho, ndiyo. Akiachia katikati, yaliyobaki ni amri."

"Akiachia kwa kusudi?"

"Kwa lolote, Bibi. Hata kwa kupiga chafya. Mtambo hauna moyo, haujui nani kaonewa. Unajua sikio tu."

Mimi na Bi Mize tukatazamana.

"Inzi," akasema Bi Mize.

"Inzi hatoshi," nikasema. "Huyu ana mtu wa kumfukuzia inzi."

"Ana mtu wa kumfungulia mlango, ana mtu wa kumbebea miwani." Bi Mize akafikiri. "Hana mtu wa kumpokelea zawadi."

"Hiyo," nikasema, "anapokea mwenyewe."

Na kwetu, kule kwao, zawadi ya mtu mzima hupokelewa kwa mikono miwili. Anayepokea kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameuficha nini?

Mashavu alitutazama, bibi mmoja baada ya mwingine. "Mabibi zangu," akasema, "msifanye jambo."

"Sisi?" akasema Bi Mize. "Sisi tunaandika shukrani."

*

Nani aliitunga ile shukrani, mimi sijui. Nilikuwepo, lakini nilikuwa nachambua mchele. Mwatumu naye alikuwepo, mguu ameunyoosha kwenye mkeka, akisema tu, "Ongeza hapo. Ongeza tena."

Tulipoipeleka, karani akapitisha kidole juu ya karatasi.

"Bomoa? Hakuna. Fungua? Hakuna. Funga, zima, washa, futa... hakuna." Akagonga muhuri. "Safi kabisa, mama zangu."

"Lakini umeisoma, mwanangu?" nikamuuliza, maana mimi sipendi kumdanganya mtu.

"Mama, mimi nakagua. Kusoma ni idara nyingine."

Nikamshukuru, nikamwachia kitumbua.

*

Siku ya Shukrani uwanja ulifurika. Watumishi wote wa serikali walikuwa wameamriwa kuja kupiga makofi, hata wapishi na walinzi wa nyumbani kwa Makeke, hata mbwa wake alikuja kwenye gari. Ile nyumba, ghorofa yenye nguzo kama za benki, ilionekana toka uwanjani pale, juu ya kilima, tupu, inatukodolea madirisha. Mtukufu Rais aliketi chini ya turubai. Yeye alihudhuria kila mahali penye kivuli.

Mheshimiwa akapanda. Karatasi ikawekwa kwenye kiegemeo, mkono wa kulia ukashika sikio, kidole kidogo juu. Watu wakapiga makofi, akasoma:

"Sisi wanawake wa lililokuwa soko tunamshukuru Mheshimiwa Daktari Makeke. Tulikuwa tunakaa sokoni kuanzia alfajiri, sasa tunalala. Tulikuwa na meza zinazotuumiza viwiko, ametuondolea. Mgambo walikuwa wanatusumbua sokoni, sasa hawatusumbui, kwa kuwa hakuna soko."

Akatabasamu. Alifikiri anasifiwa. Mtiifu kimya, kapu limebebwa vizuri.

"Kwa kuwa hatuna kitu cha kumlipa, tumemletea zawadi ndogo kwa mkono wa mzee wetu."

Mzee wetu nilikuwa mimi. Nikapanda ngazi moja moja, ninaugua kwa sauti, nikaishia ya mwisho kwa kuwa jukwaani ni marufuku, sinia nimelifunika kawa lililosukwa kwa rangi nne. Sinia nilikuwa nimeliazima kwa Mwatumu. Tangu soko livunjwe anapikia uani juu ya mafiga, na lile sinia hulifunikizia sufuria juu ya moto wa kuni. Juu nililisugua mpaka likang'aa. Chini, jamani, nani hutazama chini ya sinia?

"Wa kuamkiwa shikamoo hapandishwi ngazi, mwanangu," nikamnong'oneza. "Pokea, mikono inanitetemeka."

Macho yake yalikuwa kwenye kawa. Mkono wa kushoto ukaja. Nikalegeza kidogo upande mmoja, akaogopa lisije likamwagika mbele ya Rais. Na mkono wa kulia, ule uliokuwa na kazi, ukaacha kazi yake ukaja kusaidia zawadi.

Lilikuwa zito. Chini ya kawa palikuwa na tofali, kipande cha ule ukuta wa upande wa dagaa.

Hapo mtu mwingine angenyamaza. Lakini Makeke hajawahi kuacha karatasi katikati. Mikono imejaa, macho yakarudi kwenye kiegemeo, sauti ikatoka nzito na nzuri:

"Mwachilie Mashavu."

"Naam."

"Kisha sawazisha nyumba ya Waziri Makeke, kama ulivyosawazisha soko."

"Naam."

"Subiri makofi."

Mtiifu ukasubiri makofi. Sisi tukayapiga.

*

King'ora kililia upande wa gereza. Upande wa gereji ya serikali injini zikakohoa, na matingatinga yakatoka, moja nyuma ya jingine, bila hasira.

Mheshimiwa alimtupia msaidizi wake sinia, akarukia sikio lake kama mtu aliyesahau mtoto sokoni. "Haya ni maneno ya wanawake!" akalia. "Nilishika sikio! Nimelishika!" Akaugeukia mtambo, kalibana mpaka likajikunja: "Simama! Acha! Rudisha matingatinga!"

Mtiifu kimya.

"Nimesema simama!"

Kimya. Mtu kashika sikio, anasimulia ya watu. Mtiifu ulimsikiliza kwa heshima kubwa.

Tingatinga la kwanza likafika kilimani. Geti likalala. Hapo Mashavu akatokea mlango wa uwanja, kandambili miguuni, kifurushi mkononi. Bi Mize alitaka kukimbia, magoti yakakataa, ikabidi mtoto ndiye akimbie. Alipomaliza kukumbatiwa akasogea mpaka chini ya jukwaa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, marahaba! Mashavu, mwanangu, usimamishe!"

"Mimi siruhusiwi jukwaani. Ni wewe tu." Akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Ni rahisi. Achia sikio, useme simama."

Uwanja mzima ukasikia.

Makeke akatazama kilima, akatazama turubai la Rais. Akiachia, mtambo utatii, na utakuwa mzima mbele ya watu wote. Na kama ni mzima leo, ulikuwa mzima siku ya soko, na kilichokosekana siku ile ni sikio. Vidole vikalegea. Vikakaza. Nguzo ya kwanza ikaanguka. Vikalegea tena. Nikaona anataka, wallahi nikaona, midomo imeshajipanga. Lakini uongo wa muda mrefu una mkono wake. Vikakaza.

"Mtambo umeharibika!" akalia, machozi yanamtoka. "Nilisema umeharibika!"

"Sebule hiyo," akasema Bi Mize, kajipangusa macho na upande wa kanga. "Jiko hilo. Aa, wana choo cha marumaru, wenzetu." Ukuta wa juu ukashuka na vumbi lake. Bi Mize akaweka mikono kiunoni, akatoa sauti ya kikongwe, ile ile aliyoigwa nayo: "Tujue moja!"

Mwatumu alikuwa ameletewa kiti. Alikuwa anatazama kilimani kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akaitikia kwa kichwa, kuonyesha kwamba umekolea.

Vumbi lilipotulia, Rais akanyanyuka, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla ya chakula. Akaja mpaka kwenye ngazi, kivuli chake kimebebwa nyuma yake.

"Makeke. Uliachia sikio?"

"Haki ya Mungu, Mtukufu, sikuliachia hata kwa kupepesa ukope. Kama siku ile ya soko, vilevile."

"Na sinia la huyu mama?"

"Nililipokea kwa mkono mmoja. Huu wa kushoto."

Wanawake wakaguna. Kumpokea mzee kwa mkono mmoja, tena wa kushoto! Lakini aibu ya adabu ni ndogo, na Mheshimiwa aliikimbilia kama mtu aliyeona mlango. Akaunyoosha mkono ule wa kushoto mbele ya Rais, kiganja juu. Kiganja kilikuwa cheusi ti kwa masizi ya sufuria ya Mwatumu.

"Tazama, Mtukufu! Ushahidi huu hapa! Huu ndio uliogusa sinia. Wa kulia haukutoka sikioni, haukugusa kitu!"

Rais alikitazama kiganja. Kisha akainua macho polepole, akapita kwenye mkono wa kulia, akapita kwenye vile vidole viwili na kile kidogo kilichosimama juu, mpaka kwenye ndewe lenyewe.

"Sasa, Makeke," akauliza, "hilo sikio limekuwa jeusi kwa masizi ya nani?"